Je, Watoto Wafundishwe Ngoma za Wazee?

Tangu mwaka 2023 wazazi wa mtaa wetu wametuuliza mara nyingi swali moja. Hutuuliza wakitoka Misani, au penye bomba la maji wakingoja zamu ya bidoni zao, au jioni mlangoni petu. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa watoto wetu wafundishwe ngoma za wazee? Wengine huliuliza kwa furaha, wengine kwa wasiwasi, na wako wawili watatu walioliuliza kwa hasira. Kusema "ndiyo" au "hapana" ni kazi ya dakika moja, lakini jibu la dakika moja halimtulizi mzazi mwenye wasiwasi. Kwa hiyo leo twaomba ruhusa ya kujibu kwa njia ndefu kidogo, njia inayopita katika visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, kisha irudi huku kwetu kwenye barabara ya Sake.

Kwanza tueleze mahali petu, maana wako wasomaji wasiopajua. Lac Vert, yaani Ziwa la Kijani, ni ziwa dogo lililomo ndani ya shimo la volkano ya zamani, magharibi mwa mji wa Goma, si mbali na ziwa kubwa la Kivu. Mtaa wetu umepewa jina la ziwa hilo. Udongo ni haba. Twakaa juu ya mawe meusi ya volkano, na mwenye kutaka kupanda maharagwe hutafuta kwanza ufa uliokusanya vumbi. Kaskazini wasimama mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, na hapana familia ya hapa isiyojua tarehe ulizotapika moto wake: Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, siku moto ulipopita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani, ukateketeza na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na jioni ya tarehe 22 Mei 2021.

Vita vilipopamba moto katika Rutshuru na Masisi, watu walikuja kwa maelfu wakajenga vibanda vya turubai juu ya mawe hayo, katika kambi za kando ya mtaa wetu. Miongoni mwao walikuwamo akina mama waliojua ngoma. Walikuja na watoto mgongoni na sufuria kichwani. Ngoma zenyewe zilibaki vijijini. Lakini jioni moja tulisikia bidoni ya manjano ikipigwa kwa mwendo ambao haukuwa wa watoto wanaochezacheza. Tulipokwenda kutazama, tulikuta akina mama wanane wamejipanga mistari miwili, mikono imeinuliwa juu na kupindwa kidogo kama pembe za ng'ombe, ule uchezaji wa taratibu wanaoujua wasemao Kinyarwanda wa milima ya Masisi na Rutshuru. Wasichana wa mtaa wetu walikuwa wamewazunguka. Kesho yake wasichana wawili wakaingia mstarini. Baada ya mwezi walikuwa kumi na wanne, na mama mmoja Mhunde akaanza kuwafundisha ngoma ya kwao pia. Hivyo ndivyo kikundi kilivyoanza, nacho hakina jina mpaka leo. Watu husema tu "wale wa bidoni".

Hawaii iliingiaje katika habari hii? Ililetwa na kijana mmoja wa shule ya sekondari, aliyekuja na simu yake ili awaonyeshe akina mama wachezaji wa huko. "Tazama, Mama," akamwambia mmoja wao, "hawa nao wanakaa juu ya mawe kama yetu." Mama yule alishika simu kwa mikono miwili akatazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akasema, "Huyu wa mbele anasema mvua." Kijana akasoma maelezo yaliyoandikwa chini ya picha, na kweli, wimbo ulikuwa wa mvua. Tangu siku hiyo tulianza kutafuta na kusoma kila tulichoweza kukipata juu ya ngoma ile, iitwayo hula.

Wahawaii wa kale hawakuwa na maandishi. Nasaba za wafalme, safari za mababu waliovuka bahari kwa mitumbwi, majina ya pepo na ya mvua za kila bonde, yote hayo yalitunzwa katika mashairi waliyoyaita mele, na hula ndiyo mwili wa mashairi hayo. Magoti hukunjwa kidogo, miguu hushika mwendo, mikono husimulia. Ngoma yao kubwa, pahu, ni gogo la mnazi lililowambwa ngozi ya papa. Tena hupiga kibuyu kiitwacho ipu. Iko hata hula ichezwayo kwa mawe madogo laini ya lava, mawili katika kila mkono, yakigonganishwa vidoleni. Tuliposoma hayo tulicheka, kwa kuwa sisi wa Goma tuna mawe ya lava kupita mahitaji yetu, wala hatujapata kuyatumia ila kwa kujenga kuta. Ni kweli lakini kwamba ya kwetu hukwaruza ngozi. Mwalimu wa hula huitwa kumu, na shule yake huitwa hālau. Mwanafunzi hukaa kwa mwalimu miaka mingi, na mwalimu naye huweza kutaja jina la aliyemfundisha, na la aliyemfundisha huyo.

Nyimbo nyingi za kale zamhusu Pele, ambaye wazee wao walisema kwamba akaa ndani ya moto wa mlima Kīlauea. Wazee wa huku pia walikuwa na habari zao juu ya milima: walisimulia kwamba wafuasi wa Ryangombe wakifa hustarehe Karisimbi, na wasiokuwa wafuasi wake hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Sisi hatuziamini habari hizo, wala hatuzicheki. Watu wakaao chini ya mlima wa moto lazima waseme neno juu yake. Hata wataalamu wanaopima Nyiragongo leo hutumia maneno mawili ya Kihawaii kwa kutaja lava: pahoehoe kwa ile laini iliyoganda kama kamba zilizosokotwa, na aa kwa ile yenye makali. Basi mtoto wa Lac Vert aendaye shuleni pekupeku akanyaga Kihawaii kila asubuhi bila kujua.

Sasa tufikie jambo lililotufanya tuandike. Mwaka 1820 wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani walifika visiwani humo. Walipoitazama hula waliona uchi, ibada ya miungu na kupoteza wakati. Mwaka 1830 Malkia Kaʻahumanu, aliyekuwa amepokea ubatizo miaka michache kabla, alitoa amri kwamba hula isichezwe tena hadharani. Mwaka 1859 sheria nyingine ikataka wachezaji wa hadharani walipie leseni kwanza. Mtu aweza kudhani kwamba baada ya hayo ngoma ilikufa. Haikufa, ilihamia mashambani, mbali na mji, na bibi akamfundisha mjukuu nyuma ya nyumba.

Lakini tusiwaseme Waprotestanti peke yao, kwani wamisionari wetu Wakatoliki nao hawakuwa wapenzi wa ngoma, huko wala huku. Mtakatifu Damiano, yule Mbelgiji wa Tremelo, alifika Honolulu mwaka 1864, na mahali pake pa kwanza pa kazi palikuwa wilaya ya Puna, ubavuni mwa Kīlauea. (Katika wilaya hiyohiyo, mwaka 1990, lava ilipokaribia kijiji cha Kalapana, waumini walilipakia kanisa lao la mbao juu ya gari wakaliokoa. Kanisa kuu letu la Goma halikuwa na magurudumu.) Mwaka 1873 Damiano alikwenda Molokai kwa wenye ukoma, akafa huko mwaka 1889 kwa ugonjwa huohuo, na tarehe 11 Oktoba 2009 alitangazwa mtakatifu. Walioandika maisha yake hawafichi kwamba alikuwa akiingia na fimbo penye ngoma na ulevi, na wachezaji wakatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Huyohuyo aliwafundisha wagonjwa kuimba, akawaundia bendi, akawapangia maandamano ya sikukuu yenye bendera na muziki, watu waliokuwa wametupwa na serikali na hata na jamaa zao. Mambo yote mawili ni kweli katika mtu mmoja, nasi hatujaribu kuyapatanisha. Tuliokaa karibu na kambi twajua tu kwamba mtu aliyepoteza nyumba hawezi kuishi kwa unga na dawa peke yake.

Aliyeirudisha hula barazani ni Mfalme Kalākaua. Mwaka 1883, katika sherehe za kutawazwa kwake, aliwaita wachezaji waje ikulu mchana kweupe. Watu wa heshima wa Honolulu walichukizwa mno, hata mpiga chapa aliyechapa karatasi yenye orodha ya nyimbo akashtakiwa kwa uchafu wa maneno. Mfalme hakujali, mwaka 1886, alipotimiza miaka 50, akawaita tena. Laiti habari ingeishia hapo! Lakini mwaka 1893 ufalme ulipinduliwa, mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na mwaka 1898 visiwa vikawa mali ya Marekani. Wakazaliwa watoto ambao mikono yao yaweza kusema maneno, lakini wao wenyewe hawayaelewi.

Kisha wakaja watalii. Kuanzia mwaka 1937, huko Waikīkī, kampuni ya Kodak, ambayo ilikuwa ikiuza filamu za kupigia picha, ilikuwa na onyesho lake la hula. Lilifanyika mchana, kwa sababu picha zahitaji jua. Wachezaji walivaa majani, wakacheza, wakasimama kimya ili wageni wapige picha. Onyesho hilo lilidumu mpaka mwaka 2002. Hatutaki kuwadharau wachezaji hao. Wengi walikuwa mabingwa, nao walilisha watoto wao kwa kazi hiyo, na bila shaka nyimbo nyingine zilisalimika kwa ajili yao. Lakini fikirini, wasomaji: kwa miaka 65 walichezea watu ambao, kama mkono ungesema bahari mahali pa mlima, hakuna hata mmoja ambaye angejua.

Hapo ndipo tulipoona kwamba ngoma yaweza kupatikana na mabaya ya namna mbili. Baya la kwanza ni kukatazwa. La pili ni kuchezwa sikuzote mbele ya watu wasioweza kuisahihisha. La pili halina kelele wala amri ya malkia, kwa hiyo twaliogopa zaidi. Ngoma iliyokatazwa hujificha nyuma ya nyumba pamoja na bibi anayeijua. Ngoma inayopigiwa makofi kila siku na wageni hufupishwa kidogo leo, hurahisishwa kidogo kesho, mpaka bibi mwenyewe akiitazama aone aibu, anyamaze.

Tumeliona jambo hilo kwa macho yetu. Siku moja kambini walikuja wageni wa shirika fulani na magari yao, na mmoja wa waandalizi akaomba akina mama wacheze. Ngoma ile yaanza polepole sana. Mstari husimama, hupumua, halafu mikono ndiyo huinuka. Mwandalizi akatazama saa yake. Akauliza kama haiwezekani kuanzia pale penye kurukaruka. Kisha akawaomba wasogee karibu na kitambaa chenye jina la shirika ili kionekane katika picha. Akina mama walisogea. Walicheza dakika tatu, wageni wakapiga makofi kwa moyo wote, wala hatuwalaumu hao wageni, maana walipewa walichopewa. Wachezaji wakarudi vibandani kila mmoja na kipande cha sabuni.

Jioni hiyohiyo walicheza tena, safari hii kwa ajili ya majirani tu. Walianzia mwanzo. Walipofika katikati, bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa amekaa nyuma juu ya jiwe, alipiga kelele: "Mkono! Mkono wa kushoto! Ni ng'ombe gani huyo mwenye pembe zinazotazama chini? Ni mgonjwa?" Watu wote wakaangua kicheko, na msichana aliyehusika akainua mkono wake haraka, uso umemwiva kwa haya. Wiki iliyofuata mkono ule ulikuwa mahali pake. Hakuna mgeni ambaye angeweza kumsaidia msichana yule kiasi hicho, hata angemletea katoni nzima ya sabuni.

Wahawaii nao walikuja kulitambua jambo hilo. Katika mji wa Hilo, chini ya milima ya moto, kuna tamasha liitwalo Merrie Monarch, kwa heshima ya Mfalme Kalākaua. Mashindano yake ya hula yalianza mwaka 1971, na tamasha huanza Dominika ya Pasaka likaendelea wiki nzima. Hapo shule za hula huja na walimu wao, wanaume kwa wanawake, na waamuzi husikiliza kila neno na kutazama kila kidole. Ukumbi waitwa kwa jina la Edith Kanakaʻole, mwalimu mashuhuri aliyefariki mwaka 1979, ambaye nyumba yake imehifadhi ngoma za Pele. Jumatano ya wiki hiyo milango hufunguliwa bila malipo, ili mwenyeji asiye na fedha naye apate kutazama. Watalii wapo, tena ni wengi. Lakini wanaketi kati ya watu wanaojua, nao hujifunza kutazama kwa kuwatazama majirani zao. Goma pia imepata kuonja jambo la namna hiyo katika Tamasha la Amani, lililoanza mwaka 2014 katika uwanja wa Koleji Mwanga, ambapo vijana wa mitaa yetu wamecheza mbele ya maelfu ya watu wa mitaa hiyohiyo.

Wala tusidhani kwamba sanaa ya kusimulia kwa mwili ni ya ng'ambo. Katika Walikale, huko mbele ya Masisi, Wanyanga wana utenzi wa Mwindo, shujaa aliyezaliwa akitembea na kusema. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliusimulia kwa siku 12. Hakuketi kitini akaongea tu: aliimba, akacheza, akaigiza matendo ya shujaa, mkononi ana kibuyu cha kuchezesha na usinga, huku vijana wakimpigia mwendo na wasikilizaji wakiitikia. Maneno yake yaliandikwa, na mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, huyo wa pili akiwa Mnyanga mwenyewe, wakayatoa katika kitabu. Kitabu ni kitu chema, na laiti kila shule ya Kivu ingekuwa nacho! Lakini kitabu hakiwezi kuonyesha goti lilikunjwa namna gani, wala kusikia kwamba mwitikiaji amekosea.

Basi turudi kwa wazazi. Wenye wasiwasi hutuambia kwamba ngoma ni mlango wa uasherati, na kwamba mababu zao walikatazwa na mapadre wa kwanza. Tunawajibu kwa upole kwamba Roma yenyewe, mwaka 1988, iliidhinisha Misale ya majimbo ya Zaire, na kwamba wao wenyewe, Dominika iliyopita, wakati wa Utukufu, waliyumba kulia na kushoto barabara kabisa, tuliwaona. Hapo hucheka. Tena tunawaambia waje watazame. Mchezo wa usiku katika mabaa, wenye vinywaji na watu wasiojulikana, ni kitu kimoja. Binti kuinua mikono mchana mbele ya mama yake, shangazi zake na bibi mwenye ulimi mkali ni kitu kingine. Mzazi anayeogopa na aje aketi karibu na bibi yule. Ulinzi ulio imara kuliko huo hatuujui.

Wenye hasira ni shida kubwa zaidi, nasi hatupendi kulificha jambo hilo kwa kuwa liko katika nyumba zetu. Baba mmoja, mtu mwema anayesukuma chukudu tangu alfajiri ili alipe karo, alimwondoa binti yake mstarini. Hakusema neno juu ya adabu. Alisema, "Hiyo mikono ya pembe ni ngoma ya watu wale." Kila msomaji wa Kivu anajua maana ya maneno "watu wale", na kwamba kila kabila lina "watu wale" wake. Ndugu zake wawili waliuawa Masisi. Nani atamwendea mtu kama huyo na hotuba juu ya utamaduni? Hatukumwendea na hotuba. Tulimweleza tu tulichokiona: kwamba mama aliyefundisha mikono ya pembe na mama Mhunde aliyefundisha ngoma ya kwao walitumia bidoni moja kwa zamu, kwamba wasichana wameshika zote mbili, kwamba tarehe 3 Mei 2024, mabomu yalipoanguka katika kambi za Lac Vert na Mugunga na kuua watu wengi, wanawake na watoto, hayakuuliza nani anacheza nini. Alitusikiliza mpaka mwisho. Alitupa maji ya kunywa. Binti yake hajarudi mstarini. Siku za mazoezi huja na ndugu yake mdogo mgongoni, husimama kwenye kona ya ukuta, na tukimtazama miguu twaona kwamba anajua kila kitu.

Kwa hiyo jibu letu kwa wazazi ni hili: ndiyo, wafundishwe, za kwao na za jirani pia. Lakini wacheze kwanza mbele ya wanaoijua ngoma, mara nyingi, mpaka wachoke kusahihishwa. Wageni watakuja baadaye, nao watapata kitu kizima.

Imebaki kueleza kikundi kilikofikia. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuingia mji wa Goma, na katika mwezi wa Februari kambi zilivunjwa. Watu walitakiwa kurudi walikotoka. Katika siku chache vibanda vilikunjwa, turubai zikafungwa juu ya chukudu na vichwani, na mawe yakabaki meusi na matupu kama zamani. Kati ya akina mama wanane, saba walikwenda, kila mmoja na njia yake. Bibi mwenye ulimi mkali alibebwa mgongoni na mjukuu wake. Wasichana wa mtaa walibaki, pamoja na bidoni.

Wanaendelea kila Jumamosi alasiri. Wakubwa huwafundisha wadogo, na kwa miezi ya kwanza tuliona kwamba mambo yanalegea: mwanzo ule wa polepole ulikuwa ukifupishwa, si kwa kuombwa na mgeni yeyote, ila kwa kuwa watoto hupenda kufika penye kurukaruka. Ndipo mmoja wa wasichana alipofikiri kumpigia simu mama mmoja aliyerudi Masisi, ambaye hupata mtandao akipanda juu ya kilima nyuma ya shamba lake. Huweka simu juu ya jiwe karibu na mpigaji. Mama haoni kitu. Husikiliza tu mdundo na vishindo vya miguu. Jumamosi ya kwanza aliwaacha wacheze mpaka mwisho, na sisi sote tukainama kungoja atasema nini. Upepo wa kilimani ulikuwa ukivuma katika simu.

"Mbona mnakimbia?" akasema. "Nani anawafukuza?"

Wasichana wakatazamana. Mpigaji akaigeuza bidoni upande wenye sauti nzito, mstari ukasimama tena, ukapumua, na wakaanza upya polepole.